Deni la Onesimo



Waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Filemoni ni mfupi kuliko nyaraka zake zote: sura moja, aya 25. Kanisa huusoma Dominika mara moja tu katika miaka mitatu, Dominika ya 23 ya Mwaka C, na hata hapo somo hukoma kwenye aya ya 17, pale Paulo, naye akiwa kifungoni, anapomwomba Filemoni ampokee Onesimo, mtumwa aliyemtoroka, kana kwamba anampokea Paulo mwenyewe. Aya zinazofuata hazisomwi. Ndizo tunazotaka kuzizungumza juma hili, kwa maana hapa Nyakunguru zimetukosesha usingizi.

Dominika hiyo ilipoangukia tarehe 4 Septemba 2022, kijana mmoja wa hapa alikuwa kanisani, siku chache tu tangu atoke gerezani. Alikuwa amehukumiwa miaka 6 kwa kuiba maksai wawili wa jirani. Kwa mwenendo mzuri aliondolewa theluthi moja ya adhabu, kama sheria inavyoruhusu, akatumikia miaka 4. Aliketi benchi la nne. Tulipofika katikati ya mahubiri, benchi lile lilikuwa limebaki lake peke yake. Tuliliona hilo kwa macho yetu, nasi tukaendelea kuhubiri juu ya kumpokea ndugu. Baada ya Misa tulimpa mkono, tukamwambia aje parokiani tuzungumze, tukapanda pikipiki kwenda kigango kingine. Hakuja. Majuma machache baadaye mama yake alitueleza kwamba amekwenda Nyamongo, machimboni.

Tukiri kosa letu. Tulidhani utume wa magereza huishia langoni. Krismasi na Pasaka tulikwenda na sabuni, sukari na rozari, tukaimba pamoja na wafungwa, tukarudi tumefurahi. Huko Nairobi Padre Peter Meienberg, Mbenediktini kutoka Uswisi, aliyewahudumia wanawake wa gereza la Lang'ata, hakutosheka na kutembelea tu, akaanzisha shirika la Faraja. Sisi tulitosheka.

Nchi yetu imeona malango mengi yakifunguliwa. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 8,157, wengine wakiachiwa huru na wengine wakipunguziwa adhabu. Mwaka 2019, siku kama hiyo ya Uhuru, akiwa Mwanza, aliwasamehe 5,533. Baba Mtakatifu Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu ndani ya gereza la Rebibbia, Roma, tarehe 26 Desemba 2024, na katika hati ya kutangaza Jubilei alikuwa amekwisha kuziomba serikali zitoe msamaha na pia ziweke mipango ya kuwarejesha watu hao katika jamii. Alhamisi Kuu ya mwaka 2025, siku nne kabla ya kufariki kwake, alikwenda tena kwa wafungwa, safari hii Regina Coeli. Tunamshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini msamaha wa Rais haumrudishii mtu maksai wake.

Mwezi Juni 2025 kijana alirudi. Alikuja usiku, akakataa hata chai. Akasema, "Padre, nipeleke kwa mzee. Peke yangu siwezi."

Tulikwenda asubuhi. Mzee alitupokea kwa heshima, akatuwekea viti chini ya mti, ila kijana hakumtazama. Akatuambia, "Padre, huyu serikali ilimlisha miaka minne. Mimi nani alinilimia?" Kisha akasimulia polepole. Mwaka ule alikodi plau la mtu, akachelewa mvua, akavuna nusu ya kawaida. Binti yake aliyekuwa kidato cha pili alikatisha shule kwa kukosa mahitaji. Leo ana watoto wawili, yuko hapo hapo nyumbani. Tulikuwa tumejiandaa kumweleza juu ya kusamehe saba mara sabini. Tulinyamaza.

Wazee walikaa siku mbili. Ikakubaliwa kwamba kijana atalipa mitamba miwili, mmoja baada ya mwingine, kwa kazi aliyojifunza gerezani, ya kufyatua matofali. Mzee akauliza swali moja tu: akitoroka, atamdai nani? Hapo ndipo tulipoikumbuka aya ya 18. Paulo anamwambia Filemoni kwamba kama Onesimo anadaiwa kitu, deni hilo liandikwe juu yake Paulo. Na katika aya ya 19 anaongeza kwamba ameyaandika hayo kwa mkono wake mwenyewe. Tukaomba kalamu, tukaandika katika daftari la mzee.

Habari zilipofika jumuiyani, mama mmoja wa WAWATA alitujia. "Padre, mabati ya kigango yanavuja, nasi tunamdhamini mwizi?" Ni swali la haki, na hatukuwa na jibu zuri. Tulimweleza kwamba hakuna shilingi ya parokia iliyotoka, ila tumetoa jina. Kijana akikimbia, tutalipa. Hilo halikumwondolea hofu. Sisi pia halikutuondolea.

Tarehe 7 Septemba 2025 Waraka kwa Filemoni ulisomwa tena. Msomaji aliishia aya ya 17, kama ilivyoelekezwa, nasi katika mahubiri tukazisoma zile mbili. Kijana alikuwa benchi la nne. Walikaa watu watatu, mmoja wao mama yake.

Tanuru lake la kwanza limekwisha kuchomwa. Wenye kujenga waende wakaone, matofali yameiva vizuri. Mzee alikwenda Jumatatu kuyahesabu, kwa kuwa kila yanapouzwa naye ana fungu lake. Aliyahesabu mara mbili.