Ndani Hapaonekani

Nilimwambia dada msusi kwamba ndani hapaonekani. Sikuwa nimetazama.

Saluni yake iko kwenye barabara inayotazama ziwa, hapa Mwanza, na dirisha lake ni kioo kitupu kutoka kiunoni hadi karibu na dari. Asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya majengo, saluni inakaa kivulini huku mwanga ukipiga ufukwe wa mbele. Ukisimama kwa upande, kioo kile kinakupa Jiwe la Bismarck, maji, mitumbwi na mti mkubwa wa ufukweni, vyote vimegeuka kushoto kulia. Kwa wiki mbili nilipita pale kila siku kabla ya saa mbili. Bismarck kila mtu ameshaipiga picha. Hii niliiona yangu peke yangu.

Kilichonisumbua ni pazia jeupe. Kitu cheupe nyuma ya kioo huififisha taswira, basi asubuhi moja nikabisha hodi, nikamwomba alisogeze.

"Kaka, unapiga nje au ndani?"

"Nje tu. Ndani hapaonekani."

Akalivuta. Aliniamini kwa kuwa mwenye kamera ni mimi.

Kioo cha kawaida, ukikitazama uso kwa uso, hurudisha kama asilimia 8 tu ya mwanga. Kwa upande hurudisha zaidi, lakini mwingi bado unapita. Ziwa tunaliona kwa sababu nje kuna mwanga mkali kuliko ndani. Pale taswira inapokuwa nyeusi, kama kwenye kivuli cha majani ya mti, hakuna cha kuufunika mwanga wa ndani, na kioo kinakuwa dirisha tena. Haya nilikuwa nayajua. Nimeyafundisha vijana. Na kwenye lenzi nilikuwa na filta ya polaraiza, ile inayozungushwa kuongeza au kupunguza mng'ao wa kioo. Niliizungusha mpaka ziwa likakolea. Ningeongeza robo duara, ziwa lingefifia na ningeviona viti vya saluni kimoja kimoja. Sikufanya hivyo. Nikafunga lenzi hadi f/16 ili jiwe na fremu ya dirisha vitoke vikali vyote viwili, na vilivyokuwa ndani navyo vikatoka vikali.

Kwenye skrini ya kamera, mti ulikuwa mti. Nikaichapisha picha kwa upana wa mita moja, nikaitundika kwenye maonyesho madogo, nikauza nakala tatu. Nikamwalika dada msusi aje kuona dirisha lake. Alikuja mchana, mtoto mgongoni, akalifurahia jiwe, akasogea karibu zaidi. Kisha akanyamaza. Akaelekeza kidole kwenye majani ya mti bila kugusa karatasi.

Nikainama. Ndani ya lile giza la majani alikuwamo mwanamke, kwenye kiti cha mwisho, kichwa wazi, nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama, shingo imeinama mbele. Mtandio wake ulikuwa mapajani, umekunjwa mara nne. Mikunjo niliweza kuihesabu.

"Huja saa moja na nusu ili asionwe," dada akasema. "Pazia lile nililiweka kwa ajili yake."

Nilikosa. Sikuuliza nani yuko ndani. Ingetosha kusogea hatua tano, kukinga macho kwa viganja na kuchungulia, au kumwuliza dada aliyekuwa amesimama mbele yangu. Nawe unayepiga kwa simu uko karibu zaidi na kosa hili kuliko mimi, maana simu huvitoa vikali vya karibu na vya mbali bila hata kuambiwa.

Picha niliishusha palepale na faili nikalifuta. Nilimtumia yule mwanamke ombi la radhi kupitia kwa msusi; jibu likaja kwamba nisimtafute. Hajarudi saluni ile, naye alikuwa mteja wa kila wiki mbili kwa miaka. Dada hajanidai chochote. Nakala mbili nimezirudisha, na fedha za watu nimewapa. Ya tatu ilinunuliwa na mgeni aliyelipa taslimu, akaiviringisha, akaiweka kwapani na kuondoka. Sikumwuliza jina wala anakokwenda.