Marufuku Inaishia Mlangoni

Watu wakisikia kwamba niling'atwa na mbwa Uingereza, swali lao la kwanza ni lile lile: "Alikuwa mbegu gani?" Nikiwaambia alikuwa XL Bully, wanatikisa kichwa na mazungumzo yanaishia hapo. Hakuna anayeuliza ilitokea wapi, nani alipaswa kumfungia yule mbwa, wala nilikula nini miezi iliyofuata. Naandika ushuhuda huu kwa sababu hayo ndiyo yaliyoniumiza zaidi, na kwa sababu ndugu zangu wengi wanaofanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, huko wanaingia kila siku kwenye nyumba zenye mbwa wasiowajua.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kwenda Uingereza mwaka 2022, ule mwaka serikali ya huko ilipofungua viza ya afya kwa wahudumu wa kawaida wa wazee na wagonjwa. Nikaangukia mji mmoja wa kaskazini, kwenye kampuni inayotuma wahudumu majumbani. Unafika kwa mzee, unamwogesha, unamvika, unampa dawa na chai, unaandika maelezo kwenye simu ya kazi, unakimbilia nyumba nyingine. Nyumbani wanaita kubeba boksi. Mimi niliipenda kazi ile, na bado naipenda.

Kilichonishangaza tangu mwanzo ni mbwa. Kwetu mbwa hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Geti limeandikwa MBWA MKALI, na hata kama ndani yupo koko mzee asiye na meno, mgeni hupiga hodi akiwa nje na kungoja. "Mbwa amefungwa?" hutangulia hata salamu, na mwenyeji haoni vibaya. Uingereza mbwa analala kwenye kochi na anafanyiwa sherehe ya kuzaliwa. Ukisita mlangoni utaambiwa usiogope, hana neno huyu, anapenda watu. Kumwomba mwenye nyumba amfungie mbwa wake ni kama kumwomba amfungie mtoto wake.

Mmoja wa wazee niliowahudumia alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalikuwa yamemwishia. Mjukuu wake alihamia pale na dume la miaka kama miwili, kifua kipana, kichwa kikubwa. Walimweka jikoni nyuma ya kile kigeti cha kuzuia watoto wasipande ngazi. Nikaandika kwenye maelezo ya siku kwamba kigeti ni kifupi na mbwa anaweza kukiruka. Nikajibiwa kwamba kampuni itaongea na familia. Wiki zikapita, kigeti kikabaki kile kile.

Ilikuwa asubuhi ya Mei 2023. Nilikuwa nimeinama kumvalisha mzee soksi. Mbwa hakubweka, hakunguruma. Nilisikia tu uzito wa mwili wake ukinigonga ubavuni, na mkono wangu wa kushoto ukawa ndani ya kinywa chake, chini kidogo ya kiwiko. Wengi wanadhani kung'atwa ni kuumwa na kuachiwa. Yule hakuachia. Alikaza, akaanza kutikisa kichwa, na aproni yangu ya plastiki ikawa inachanika vipande na kumnatia menoni. Mzee hakuweza kupiga kelele. Alishika chuma cha kitanda kwa mkono wake mmoja mzima akakitikisa na kukigonga bila kukoma, mpaka mjukuu akaamka huko juu. Mlio wa kile chuma ndio ulioniokoa. Kijana alishuka mbio, akaipindua kola ya mbwa mpaka pumzi zikamwishia, ndipo taya zikalegea.

Kwenye ambulensi nilichouliza kwanza ni sindano za kichaa cha mbwa. Mtoto wa Tanzania hukua akijua hivyo: ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kimbilia chanjo, kwa maana dalili za ugonjwa ule zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Mhudumu akanieleza kwa upole kwamba mbwa wa Uingereza hawana kichaa. Kwetu tunachokiogopa kwa mbwa ni kirusi, na koko mdogo asiyechanjwa anaweza kuua kuliko jitu la mbegu ghali. Huko cha kuogopa kilikuwa nguvu za taya. Nilichomwa sindano ya pepopunda, nikawekewa dripu ya dawa za kuua bakteria, nikapelekwa kwenye upasuaji.

Nilipigwa nusu kaputi zaidi ya mara moja. Kwanza waliosha jeraha na kukata nyama iliyokufa, wakaliacha wazi, kwa kuwa kinywa cha mbwa kina vijidudu vingi na ukiharakisha kushona unafungia usaha ndani. Baadaye wakachuna ngozi pajani wakaipandikiza mkononi. Mshipa wa fahamu uliokuwa umesagika ulichukua muda mrefu kuamka. Hadi leo kidole cha pete na cha mwisho vina ganzi, na kwenye baridi hukakamaa.

Matibabu sikuyalipia hata senti, maana wenye viza ile wamesamehewa ada ya afya. Ila kula na kulala ni juu yako. Malipo ya ugonjwa yaliyowekwa na sheria mwaka ule yalikuwa pauni 109.40 kwa wiki, na yalianza kuhesabiwa siku ya nne. Humo nitoe kodi ya chumba, umeme, na ada ya mtoto aliyebaki Moshi kwa mama yangu. Juu ya hayo ulikuwepo wasiwasi wa sponsa. Viza ile imefungwa kwa mwajiri. Akikuondoa, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mwingine au ufungashe. Usiku nilikuwa nikiamka nahesabu siku hizo kabla hata hazijaanza, nikijiuliza ni kampuni gani itaajiri kea mwenye mkono mmoja.

Hapo ndipo nilipowajua watu. Kina mama wa jumuiya yetu ya Waswahili walifungua kundi la mchango bila kuniuliza. Mmoja alikuwa akija na mtori, ndizi amezinunua duka la Wahindi, ananilisha huku akinisimulia umbea wa mji mzima ili nicheke. Mtaalamu wa viungo alinipa donge la kufinyangafinyanga kurudisha nguvu za vidole. Dada mmoja wa Tanga alilitazama akasema, "Unga upo, maji yapo, unafinyanga takataka ya nini?" Kuanzia hapo mazoezi yangu yakawa kukanda unga wa chapati. Za mwanzo zilitoka ngumu, wakazila hivyo hivyo. Mungu awalipe.

Yule mbwa aliuawa kwa idhini ya mwenye mali. Sikufurahi, hakujua alifanyalo. Kijana alishtakiwa kwa kuwa na mbwa asiyedhibitiwa aliyejeruhi mtu. Tangu mwaka 2014 sheria ya England na Wales inahesabu kosa hilo hata likitokea ndani ya nyumba ya mtu, si barabarani tu. Alipewa kifungo kilichoahirishwa na kuzuiwa kufuga mbwa. Aliniomba radhi, nikaipokea. Fidia kutoka kwake ndiyo haikuwepo. Sheria ya Wanyama ya 1971 inamruhusu aliyeumia kumdai mfugaji, lakini kijana hakuwa na kitu wala bima. Mfuko wa serikali wa fidia kwa waliodhuriwa na wahalifu nao kwa kawaida haumhusu aliyeng'atwa, isipokuwa mtu awe amemtuma mbwa makusudi.

Nilikuwa bado nahudhuria mazoezi ya mkono tarehe 15 Septemba 2023, Waziri Mkuu Rishi Sunak alipotangaza kwamba XL Bully watapigwa marufuku. Simu yangu ilijaa pongezi, kana kwamba nimeshinda kesi. Kuanzia Desemba 31 ikawa kosa England na Wales kuwazalisha, kuwauza, kuwagawa au kuwatupa, na kuwatembeza hadharani bila kamba na kifunga-mdomo. Kuanzia Februari 1, 2024 ikawa kosa kumfuga bila cheti cha msamaha. Cheti kiligharimu pauni 92.40, na masharti yake ni mbwa kuwekewa chipu, kuhasiwa, na mwenyewe kukata bima ya kulipa watu wengine watakaodhurika. Scotland na Ireland ya Kaskazini zikafuata mwaka huo huo.

Naiunga mkono sheria hiyo, na najua hoja za wanaoipinga. Shirika la kutetea wanyama la RSPCA na chama cha wafuga mbwa cha Kennel Club wanasema mbegu haitabiri tabia, anayepaswa kubanwa ni mfugaji. Wanakumbusha kwamba sheria ya mbwa hatari ya 1991 ilipiga marufuku aina nne, pit bull akiwemo, na bado wanaolazwa kwa kung'atwa waliendelea kuongezeka. Uholanzi ilimpiga marufuku pit bull mwaka 1993, ikaifuta amri hiyo mwaka 2008 baada ya kuona watu hawakupungua kuumwa. Tena XL Bully si mbegu iliyosajiliwa Uingereza. Polisi humtambua kwa umbo na kwa kipimo, dume kuanzia sentimita 51 begani. Yote hayo ni kweli.

Ila mimi nimeng'atwa na mbwa wawili. Wa kwanza alikuwa kijibwa cha bibi mmoja, kilinishika kifundo cha mguu. Nikapaka dawa, nikamalizia shifti. Huenda kilikuwa na hasira kuliko yule wa pili. Tabia zao zinaweza kulingana, madhara yao hayalingani, na sheria ina haki ya kutazama madhara. Serikali haiwezi kuingia moyoni mwa kila mfugaji kupima busara yake. Inaweza kuzuia wasizalishwe zaidi mbwa ambao uzembe wa siku moja wa mwenyewe unatosha kumkata mtu mkono.

Ninachokidai ni kwamba sheria ilisimama njiani. Mbwa zaidi ya 50,000 walipata vyeti, kwa hiyo bado wapo majumbani kihalali. Kamba na kifunga-mdomo ni vya hadharani. Akivuka kizingiti cha nyumba yake anavuliwa vyote viwili. Marufuku inaishia mlangoni, na kazi yangu inaanzia mlangoni. Hata kama sheria hii ingekuwepo ile asubuhi ya Mei, mbwa yule angekuwa pale pale jikoni, nyuma ya kigeti kile kile, bila kuvunja sharti hata moja. Na si mimi tu: nahesabu hapo watoto, wajukuu, mafundi na wauguzi. Wengi waliouawa na mbwa Uingereza miaka hii waliuawa nyumbani, si bustanini.

Ukiniuliza, lile sharti la bima lisingeishia kwa XL Bully. Kila mbwa angekatiwa bima, mkubwa kwa mdogo. Zamani Waingereza walikuwa na leseni ya mbwa. Ilifutwa mwaka 1987 ikiwa bei yake ni peni 37. Ikirudi na bima ndani yake, aliyeumizwa hatategemea mchango wa kina mama wa jumuiya. Na mfugaji awajibike kisheria kumfungia mbwa chumba kingine, mlango wa mbao na kitasa, muda wote mhudumu akiwa kazini ndani.

Nilirudi kazini. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa natetemeka nikisikia kengele ya kola tu. Mshauri nasaha alinisaidia, sala zilinisaidia, na kampuni nyingine ilikubali kunidhamini na kunipangia kwanza nyumba zisizo na mbwa. Kilichonisaidia zaidi kujisimamia tena ni maandishi. Nilikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na wakili wao alipoomba kumbukumbu, maelezo yangu kuhusu kigeti kifupi yalikutwa yote, na tarehe zake. Mwajiri wa zamani akakubali kulipa sehemu ya hasara. Bila maandishi yale ningebaki na kovu na simulizi.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza kazi ya kea, jiunge na chama mwezi wa kwanza. Piga simu kabla ya kufika, uulize kama mbwa amefungiwa, na kama bado, ngoja nje; mwajiri ana wajibu wa kisheria kulinda usalama wako na hawezi kukulazimisha uingie. Kila unaloliona liandike siku hiyo hiyo. Na jambo ambalo wengi wetu hatulijui: Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, hata ya bunge, kwa kuwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola. Mimi nilipiga yangu Julai 2024. Mgombea akija kubisha mlangoni kwako kuomba kura, muulize msimamo wake kuhusu bima ya mbwa, na usimwachie aende mpaka akujibu.