Mkataba wa Nyumba

Mwenye nyumba na mpangaji ni watu wawili waliowekwa chini ya paa moja. Mmoja huhitaji kodi, wa pili huhitaji hifadhi, wala hapana aibu katika haja ya yeyote. Aibu huingia haja hizo zinapoachwa juu ya ulimi, maana kila ulimi hukumbuka lililo na faida yake.

Magomeni, katika mji wa Dar es Salaam, mjane mmoja alirithi nyumba ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma, kama zilivyo nyumba nyingi za Kiswahili. Chumba kimoja alikaa mwenyewe, vitano alipangisha. Hakuwa na wakili wala dalali. Yeye ndiye aliyekuwa karani, msimamizi na hakimu wa nyumba yake. Mpangaji wake wa siku nyingi alikuwa fundi cherehani, aliyemwamkia shikamoo kila asubuhi kwa miaka tisa. Mapatano yao yalikuwa ya mdomo: kodi ya miezi sita hulipwa mbele, basi.

Masika moja paa la chumba cha fundi lilivuja. Bibi alikuwa mgonjwa kitandani, akasema, "Tengeneza, mwanangu, tutaelewana." Fundi alinunua mabati na misumari, na siku ya kodi ilipofika alikata gharama yote. Bibi alidhani atakata nusu. Walipelekana kwa mwenyekiti wa mtaa, naye aliuliza swali moja tu: "Maandishi yako wapi?" Hayakuwapo. Kila mmoja aliapa, na kila mmoja alikuwa mkweli kwa kadiri ya kumbukumbu yake. Gharama iligawanywa nusu kwa nusu. Mwisho wa mwezi fundi alihama. Cherehani ilipitishwa ukumbini, wala hapana aliyeaga.

Alipotaka kumweka mpangaji mwingine, bibi alimwomba mjukuu wake amwandikie mkataba. Kijana alisoma sheria kwanza. Aliona kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 huruhusu upangaji usiozidi mwaka mmoja kufanywa kwa mdomo. Kumbe bibi hakuvunja sheria kwa kutoandika. Lakini aliona pia kuwa, pasipo mapatano mengine, mwenye kupangisha sehemu ya nyumba ndiye mwenye wajibu wa kutunza paa na kuta kubwa. Bibi alinyamaza kitambo. Kisha alifungua kanga yake, akahesabu nusu ile, akamtuma kijana aipeleke kwa fundi pamoja na salamu.

Mkataba uliandikwa nakala mbili: majina, chumba, kodi na tarehe ya kulipa, muda, matengenezo na mwenye kuyalipia, umeme na maji, na notisi ya kuhama. Mashahidi wawili walitia saini. Sheria ya 1984 iliyozuia kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo kiasi cha kodi ni suala la mapatano, na mapatano yahitaji mahali pa kukaa.

Wako wadhanio kwamba kumwandikisha jirani ni kumshuku. Sivyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wema nao una daftari yake. Fundi hakurudi kupanga. Lakini Idi iliyofuata alikuja kumwamkia bibi.