Utani wa Bibi na Mjukuu

Utani wa makabila umesemwa sana. Utani wa nyumbani, wa bibi na mjukuu, umeandikwa kwa uchache, labda kwa kuwa kila mtu ameuona: bibi humwita mjukuu "mume wangu", naye mjukuu hudai chakula kama mwenye nyumba. Sisi tulikuja kuujua uzito wake mama yetu alipopata ugonjwa wa kusahau.

Majirani walisema karogwa; wengine walisema ni uzee tu. Kumbe ni maradhi ya ubongo, na aina yake iliyoenea zaidi ilielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Kila jioni mama alisimama mlangoni akimngoja baba, aliyekwisha kufariki zamani. Nasi, kwa kudhani kuwa ukweli ndio heshima, tulimwambia, "Mama, baba alikufa." Alilia kama mtu aliyepata msiba siku ile ile. Kesho yake alisimama tena, nasi tukamfisha baba tena. Tulifanya hivyo kwa miezi.

Aliyetuokoa ni kijana wetu, mwanafunzi wa sekondari, alipokuja likizo. "Mumeo si huyu hapa? Leo kuna chakula gani?" Mama alimtazama, akacheka. "Mume gani asiyejua hata kushika jembe!" Wakaingia ndani, wakala. Siku nyingine alimtaka shauri la shamba lao, na mama, aliyekwisha kusahau majina yetu, akaeleza jinsi mpunga unavyopandwa, hata akamkemea kwa uvivu.

Huko Marekani, katika miaka ya 1990, Anne Basting alianza kuwaonyesha wazee wenye maradhi haya picha na kuwaomba watunge hadithi, pasipo kuwalazimisha kukumbuka. Kijana wetu hakuwa amemsikia.

Tulimwuliza kama huo si uongo. "Bibi anajua mimi ni mtani wake," alijibu. Hatuna hakika kama alijua kila mara. Wala hatukuweza kumwiga, maana mtoto hamtanii mama yake. Adabu hiyo ni njema, lakini ilitufunga.

Shule ikafunguliwa, mjukuu akarudi bwenini. Jioni mama alisimama mlangoni. Safari hii tulimwuliza, "Akija, mama, utampikia nini?" Alifikiri kidogo, kisha akaanza kutaja samaki.