Boliti Zilizobaki Katika Kopo

Wako mafundi ambao humaliza kufunga injini wakabakiwa na boliti mbili tatu mkononi, kisha humwambia mwenye gari kwamba hizo ni za ziada. Mimi siisadiki habari hiyo. Watengenezao magari hawatii boliti kwa mapambo.

Jirani yangu hapa Garissa, mzee mfugaji, anayo Land Rover ya miaka ya 1960, ambayo huitumia kuipelekea mifugo yake maji wakati wa kiangazi kwa njia ya Modogashe. Injini ilitolewa katika gereji moja ya mji wa mbali, ikarudishwa, na boliti mbili zikaja ndani ya kopo la maziwa. Tangu hapo gari likawa likitetemeka hata usukani haushikiki. Katika gari la namna hii feni imefungwa mbele ya injini yenyewe. Injini ikisogea, feni hukata rejeta, na maji yakimwagika huko porini, si gari peke yake litakalokufa kwa kiu.

Fundi mmoja wa mjini akaitwa. Alilala chini ya gari na tochi, akaitazama mipira inayobeba injini juu ya chesisi, ambayo mafundi huiita mauntini: miwili mbele, na miwili nyuma chini ya giaboksi. Kisha akazifungua boliti moja moja, akazipanga juu ya gunia, wala hakuruhusu mtu kuzigusa.

"Bwana karani," akaniambia, "boliti nayo ina cheti chake."

Kichwa chenye mistari mitatu au sita itokayo katikati, mara nyingi boliti hiyo ni ya inchi, na ya mistari sita ndiyo ngumu zaidi. Iliyoandikwa 8.8 ni ya milimita. Land Rover za miaka ile zilifungwa kwa inchi. Datsun 240Z, lile gari la mbio lililoshinda Safari mwaka 1971 na 1973, kwa milimita. Boliti ya thumni tatu za inchi na ile ya milimita 10 hupishana unene kwa chini ya nusu milimita. Jicho hudanganyika, lakini meno yao hayapatani kamwe.

Mauntini ya mbele kushoto ilikuwa imetiwa boliti ya 8.8, ikashindiliwa ndani ya nati ya inchi mpaka meno yakasagika. Boliti ya haki ilikuwa koponi. Fundi aliitambua kwa kutu: sehemu iliyokuwa imejificha ndani ya chuma ilibaki safi, na urefu wake ulilingana na unene wa mahali pale. Hata washa yake ilikaa sawasawa juu ya duara iliyoachwa katika rangi ya zamani. Ile ya pili, fupi, ilikuwa ya nyuma. Tundu lake lilikuwa limejaa matope. (Ndugu msomaji, kabla ya kutoa injini, tia alama ya rangi kwenye kila boliti na tundu lake. Ni kazi ya dakika chache.)

Nati mpya ya inchi haikupatikana sokoni; ilikuja kwa basi kutoka Nairobi. Ile boliti ya 8.8 fundi aliitia mfukoni, akisema kwamba gari lake lipo mahali, ila si hili.