Aendaye Arua Asipewe Pole

Orodha ya uhamisho isomwapo katika laini za polisi au katika kambi ya jeshi huko kusini mwa Uganda, yako majina ya miji yanayopokewa kwa vicheko, na yako yanayopokewa kwa kimya. Entebbe hupokewa kwa vicheko. Jinja na Mbarara, watu huitikia kwa kichwa. Arua hupokewa kwa pole. Jioni ile ile majirani huja mmoja mmoja kana kwamba kuna msiba. Mmoja huuliza iwapo watoto watabaki kwa bibi yao, mwingine huuliza nani atalinunua kabati, na mzee ambaye tangu azaliwe hajavuka daraja la Karuma hueleza kwa kirefu jinsi kulivyo huko.

Si haki kuicheka huzuni hiyo. Askari hahamishwi peke yake. Mkewe ana genge lake la nyanya na wateja waliomzoea. Watoto wana walimu wao. Na katika kikundi cha akina mama cha kuwekeana akiba, zamu ya mama huyo ilikuwa mwezi ujao. Lakini majirani hao wanasikitika kwa habari zilizopitwa na wakati. Arua wanayoisimulia ni ile waliyoisikia utotoni. Arua iliyopo ni jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, siku moja na Gulu, Mbarara, Jinja, Mbale, Masaka na Fort Portal. Lina tarafa mbili, Arua ya Kati na Ayivu; lina chuo kikuu cha serikali, Muni; lina hospitali ya rufaa ya mkoa na kiwanja cha ndege.

Lawama ya kwanza ni umbali, nayo ni ya kweli. Toka Kampala ni kama kilomita 500, na basi huchukua muda wa saa nane hivi, likipita Luwero, Nakasongola na Kigumba. Hata hivyo safari yenyewe si adhabu. Pale Karuma mto Nile hupita chini ya daraja ukinguruma na kutoa povu, na nyani huketi kando ya barabara wakiwakagua abiria kama askari wa kizuizini. Kisha barabara hugeukia magharibi na kupakana na mbuga ya Murchison Falls, na mtoto aliyekaa dirishani anaweza kuwaona tembo bila baba yake kulipa kiingilio. Pakwach ni daraja la pili, na wauza samaki hulizingira basi na mafungu ya samaki wakavu. Baada ya Nebbi nchi huinuka, hewa hubadilika, na watu waliovua makoti Pakwach huyavaa tena. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Yule aliyeahidiwa joto la tanuri hushangaa usiku wa kwanza anapotafuta blanketi.

Vumbi lipo, na ukweli usemwe. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo mkavu huvuma toka kaskazini, na mama anayependa mapazia meupe atafua mpaka achoke. Afadhali achague ya kahawia.

Jambo linalomshangaza mgeni kuliko yote si hali ya hewa wala majengo, bali ni lugha. Katika mitaa mingi ya Kampala, mtu akibisha hodi usiku na kunena Kiswahili, wenye nyumba hushusha sauti na kuzima taa. Kwa miaka mingi huko kusini lugha hii ilijulikana kuwa ni ya bunduki, ya kizuizi cha barabarani na ya mwizi. Mke wa askari asiyejua Kiganda huona aibu hata kuomba chumvi. Huko Arua Kiswahili ni lugha ya nyanya na ya vitunguu. Ndiyo lugha ya kumwita mwenye pikipiki, ya kushindana bei ya kitenge, ya kumpooza mtoto aliyeanguka, ya kumsuta jirani aliyekopa ungo asiurudishe. Mama aliyeondoka kusini akiogopa kwamba atakuwa bubu hujikuta, siku ya pili tu, anapiga porojo na muuza samaki. Akijifunza na "mi ngoni" ya kumjulia mtu hali kwa Kilugbara, na "awadifo" ya kushukuru, atapewa na nyongeza juu ya fungu lake.

Hali hiyo ina asili yake. Emin Pasha alipokuwa gavana wa Ikweta katika miaka ya 1880, askari wake walipiga kambi kando ya Nile, Wadelai ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Yeye alipoondoka, wengi wao walibaki na familia zao, na mwaka 1891 Kapteni Lugard akawakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, chini ya Selim Bey, akawaandika katika jeshi lake. Wazao wa askari hao ndio Wanubi. Baadaye vijana wa Nile Magharibi waliingia kwa wingi katika King's African Rifles, na wengine wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Walirudi na Kiswahili. Kwa hiyo familia ya mwenye sare haiingii Arua kama mgeni wa ajabu. Inaingia mahali ambapo takriban kila ukoo una babu, mjomba au binamu aliyepata kupiga gwaride.

Hata mji wenyewe ulianza kama kituo cha serikali. Nchi hii ilikuwa sehemu ya Lado, ambayo Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mwaka 1894. Leopold alifariki Desemba 1909, na katika kipindi kile cha kukabidhiana wawindaji wa pembe za ndovu walivamia kama nzi. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alipiga hema pale Rhino Camp mwanzoni mwa mwaka 1910, akaua faru weupe kwa ajili ya makumbusho ya kwao. Mwaka 1914 Nile Magharibi ikaunganishwa na Uganda na boma likajengwa Arua. Wazee husimulia kwamba jina hilo lina maana ya mahali pa kifungo, kwa sababu ya jela iliyokuwa pale kilimani. Jina la namna hiyo lisingeuza kiwanja popote pengine. Arua viwanja havikamatiki.

Mama mwenye nyumba atapenda kujua habari za soko. Arua ni mlango wa Kongo, na Ariwara iko ng'ambo tu ya mpaka. Walugbara wako pande zote mbili. Ndiyo maana vitenge vya Arua huwashinda macho hata wale walioapa kwamba mwezi huu hawanunui kitu, na muziki wa Kilingala husikika toka kila kibanda. Wanawake wa Kinubi husuka kawa za kufunikia chakula, zenye rangi za kung'aa, na nyumba ikiwa na moja ya hizo mezani haihitaji pambo jingine. Maembe, wakati wake ukifika, huuzwa kwa bei ambayo mtu wa Kampala hufikiri ameisikia vibaya.

Chakula cha wenyeji ni enyasa, ugali wa unga wa muhogo unaochanganywa na mtama au ulezi. Watu wa matoke huuogopa kwa rangi yake. Waujaribu hivi: maji yachemke kweli kweli, unga utiwe kidogo kidogo, na mwiko uzunguke bila huruma mpaka ugali uache sufuria. Muhogo mtupu hunata. Mtama ndio unaoukata ule ulaini. Kitoweo chake ni majani ya kunde, yaliyochemshwa na maji kidogo ya magadi ili yalainike, kisha yakatiwa simsim iliyosagwa pamoja na karanga. Simsim itiwe mwishoni moto ukiwa mdogo, la sivyo mafuta yatajitenga. Samaki mkavu wa Pakwach akiongezwa, baba hatauliza nyama iko wapi.

Yako na mambo ambayo polisi wa Arua anayajua kuliko mwandishi yeyote wa magazeti. Vijana wa OPEC, waliouza petroli ya magendo kandokando ya njia kwa madumu, walishika biashara hiyo waliporejea toka ukimbizini bila kazi wala mtaji. Sheria haikuwa upande wao, wala usalama haukuwapo, maana dumu la petroli na sigara si majirani wema. Lakini atakayesema walikuwa wahalifu tu, basi hakuuliza walikuwa wametoka wapi.

Walikuwa wametoka katika maangamizi, na hapo ndipo ilipo lawama nzito kuliko zote. Ukoo wa baba yake Idi Amin ulikuwa wa Wakakwa wa Koboko. Amin alitwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, akaangushwa Aprili 1979, na baada yake mkoa mzima ukalipishwa deni la mtu mmoja. Oktoba 1980 waliokuwa askari wake walivuka mpaka na kushambulia. Jeshi la serikali ya wakati ule lilipojibu, Arua na Koboko zikaporwa na kuchomwa, na watu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, raia waliojihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa kwa risasi na askari wa serikali. Mwenye sare anayepelekwa huko leo ni vema alijue jambo hilo kabla hajafika, maana wapo wazee watakaomtazama mkono kabla ya kumtazama uso. Wanaujua uzuri wa sare, na wanaujua ubaya wake. Atakayesalimia kwanza na kulipa deni dukani mwisho wa mwezi atapata heshima ambayo cheo hakiwezi kumpa.

Vita vya baadaye navyo vimekwisha. Waasi wa mwisho wakubwa wa mkoa huo, UNRF II, walitia sahihi mapatano ya amani na serikali mjini Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Na mwaka 2016, Sudan Kusini ilipowaka tena, wale wale waliokuwa wakimbizi ndio waliogawa ardhi yao kwa wakimbizi: Bidi Bidi huko Yumbe, na kambi ya Rhino Camp ikapanuka. Wengi walisema waziwazi kwamba walikuwa wanarudisha fadhila.

Dunia ya mbali nayo ina kosa lake. Huko Marekani jina la Nile Magharibi ni jina la ugonjwa, kwa sababu kirusi kilichopatikana mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mwenye homa huko Omogo kilipewa jina la wilaya, na mwaka 1999 kikazuka New York. Hakuna aliyetoka mkoa huo kukipeleka. Mbu na ndege hawaombi pasipoti. Wachache wanajua upande wa pili: kwamba katika hospitali ya Kuluva, kusini mwa Arua, daktari Ted Williams alitunza kumbukumbu za wagonjwa wake kwa uangalifu mno, akasafiri na daktari Denis Burkitt mwaka 1961 kuichunguza saratani ya watoto katika Afrika, na vitabu vyake vya wagonjwa vikawafaa wataalamu wa dunia nzima. Jina la mkoa lingaliweza kupewa daftari lile badala ya homa.

Asiishie Arua tu mtu aliyefika huko. Koboko iko kama kilomita 55 kaskazini, kwa lami iliyotoka Vurra hadi Oraba mpakani. Zamani njia hiyo ilivunja magari na migongo. Sasa mtu huondoka baada ya chai na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Koboko ilipewa wilaya yake mwaka 2005. Ni mji mdogo usio na majivuno, wenye maduka yaliyopangana kandokando ya barabara, ambapo shilingi ya Uganda, faranga ya Kongo na pauni ya Sudan Kusini zinajuana kwa majina. Nchi hizo tatu hukutana karibu na hapo, mahali paitwapo Salia Musala. "Musala" ni tatu kwa Kikakwa. Mji huo huo uliomleta Amin katika vinywa vya watu ulimtoa pia Francis Ayume, Spika wa Bunge toka 1998 hadi 2001, lakini majirani wa kule kusini hawamtaji.

Toka Koboko huonekana mlima Liru. Walugbara husimulia kwamba mashujaa wao wawili, Jaki na Dribidu, ndio walioanzisha koo zao. Jaki alifia Liru, na Dribidu akafia mlima Eti, ambao ramani huuandika Wati, upande wa Terego. Siku isiyo na vumbi, baada ya mvua, milima hiyo husimama wazi ya rangi ya buluu, na watoto wa laini hushindana kuitaja.

Jioni katika kituo cha mabasi cha Arua, mizigo ya kwenda kusini hupangwa kabla ya abiria. Makuli huinua magunia ya simsim, madebe ya asali, vikapu vya maembe na mafurushi ya samaki yaliyofungwa magazeti, kila moja likiwa na jina la mpokeaji kwa kalamu nene. Aliye na subira ya kuyasoma atakuta laini za polisi za Nsambya zimeandikwa mara nyingi, na miongoni mwa majina hayo wamo akina mama waliokuja kutoa pole.