Mtafiti, u Mtoto wa Nani?



Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo kikuu cha pale Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza vijijini, wakakusanye masimulizi ya Vita vya Maji Maji. Ilikuwa imepita miaka 63 tangu Wamatumbi walipong'oa pamba waliyolimishwa kwa shuruti, Julai 1905. Kijana wa miaka 15 wa siku zile alikuwa amekaribia 80. Kazi hiyo haikuweza kungoja.

Maandishi yaliyokuwapo yalikuwa zaidi ya maofisa wa Kijerumani na wamisionari. Mwanafunzi aliyekwenda kwao hakuhitaji mkalimani. Aliamkia, akaulizwa ni mtoto wa nani, akapewa kigoda.

Lakini swali hilo la "mtoto wa nani" hukata kuwili. Mjukuu wa aliyepigana na mjukuu wa aliyewabebea Wajerumani mizigo hawasimuliwi habari ile ile. Tufikiri juu ya Ungoni. Mwaka ule wa 1905 misheni ya Peramiho ilichomwa moto, na Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa safarini. Je, mzee atamweleza nini juu ya moto ule kijana aliyebatizwa Peramiho hiyo hiyo? (Nikiuliza mimi mwenye kanzu, nitajibiwa kipadre.)

Tena vijana wale walikuwa wana wa taifa lenye uhuru wa miaka 7 tu, na Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka uliotangulia. Waliuliza jinsi makabila yalivyoungana, na habari za umoja ndizo walizozipata kwa wingi. Watafiti wa baadaye, wakiwamo wale walioandika katika kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010, walikuta pia magomvi ya wenyeji kwa wenyeji, yaliyotangulia kuja kwa Wajerumani. Sioni kwamba vijana wa 1968 walidanganya. Sikio huenda na mwenyewe. Na lau wasingalikwenda, wazee wale wangalizikwa na maneno yao.

Nayasema haya kwa sababu binti mmoja wa parokia yetu, aliye mwaka wa tatu chuoni, ameniletea rasimu ya utafiti wake juu ya mashamba ya kijiji alikozaliwa. Msimamizi amefuta kwa wino mwekundu kila palipoandikwa "bibi yangu", akaweka "mhojiwa". "Padre," akasema, "nijifanye mgeni kwetu?"

Kwa maoni yangu, hapana. Neno "mhojiwa" halimfanyi bibi kuwa mtu baki. Linamficha msomaji tu. Nimemshauri amwombe msimamizi ukurasa mmoja katika sura ya mbinu, aeleze yeye ni wa ukoo gani, nani walikuwapo bibi alipokuwa akizungumza, na ni maswali gani yaliyokataliwa. Hilo msimamizi huenda akalikubali.

Gumu ni jingine. Ng'ambo ya bonde ipo familia iliyoshitakiana na ukoo wake kwa ajili ya shamba, na katika rasimu yote haina hata sentensi moja. Hajawahi kukanyaga uani kwao. Nimemwambia likizo hii aanze huko, aende na katekista, kwa kuwa bibi ni mzima na atamngoja, bali mzee wa nyumba ile amelala kitandani tangu Kwaresima.